Tiketi za Viti Vitupu

Sajenti Ferid Chaabouni aliligeuza sanduku juu ya meza kama mchuuzi anayemwaga pweza, na tiketi za rangi ya waridi zikatapakaa mpaka nyingine zikaanguka miguuni mwa Inspekta Raudha Triki.

"Ndizo hizo, afande. Zilikuwa chini ya kaunta ya kibanda cha Bab Diwan. Zimelipiwa, fedha zimefika benki, lakini zenyewe hazijatoka kibandani."

"Zote?"

"Labda zile zilizoliwa na panya."

Raudha alisogeza kikombe chake cha kahawa kisimwagikie mzigo ule, akaokota moja na kuitazama mbele na nyuma. Ferid alibaki amesimama. Funguo zake zilining'inia kwenye kishikizo chenye heroe wa waridi, yule ndege wa mabwawa ya chumvi ambaye ni alama ya klabu ya Mellaha.

"Mimi naona kesi imekwisha," alisema Ferid. "Na roho inaniuma kusema hivyo, maana ni klabu yangu."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mellaha, klabu ya watu wa chumvi kusini mwa Sfax, ilikuwa imefungiwa uwanja kwa mechi kadhaa baada ya mashabiki wake kuwasha mafataki. Klabu ikaamua kuuza tiketi za viti vitupu. Unalipa dinari ishirini, unapewa tiketi, huingii popote, lakini umeinusuru timu yako na madeni. Hilo halikuwa siri. Kisha shirikisho la mpira likatoa hesabu za mwaka, likapanga mapato ya klabu zote, na macho ya mji mzima yakakimbilia mstari mmoja: mapato ya mlangoni. Mellaha dinari laki tatu na elfu kumi. Borj, klabu ya mji mkongwe, yenye jezi za buluu na uwanja mkubwa mara mbili, laki mbili na elfu tisini.

Mhazini wa Mellaha, Bi Sondes Kchaou, akaenda redioni akasema maneno ambayo pengine sasa alitamani angeyameza: "Tumewapita wakubwa zetu huku mlango wetu ukiwa na kufuli."

Viongozi wa Borj hawakulala. Wakaandika malalamiko, polisi wakafukua hesabu, na humo ndani zikaonekana dinari elfu thelathini na nane zilizotoka kwenye kibanda kimoja, cha Bab Diwan, chini kabisa ya ukuta wa mji mkongwe, mahali ambapo mtoto huvishwa buluu kabla hajafikisha arobaini. Pale hakuna mtu wa kununua tiketi ya waridi. Na kama hakuna mnunuzi, fedha zile ni za nani? Mwendesha mashtaka alikuwa na jibu lake tayari: mtu anatakatisha fedha chafu kupitia Mellaha, na Sondes Kchaou, aliyetia saini kila stakabadhi, ndiye mlango wake.

Sondes alikuwa mahabusu ghorofa ya chini. "Nileteeni wanunuzi wa kweli, wenye majina na miguu," mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia Raudha, "kabla ya kesho adhuhuri. Wasipopatikana namfungulia mashtaka." Na kila mtu alijua maana yake. Klabu ambayo mhazini wake ameshtakiwa hainyimwi leseni tu, inashushwa mpaka kule chini ambako timu huenda na hazirudi.

"Kaa, Ferid," Raudha alisema. "Una fedha chafu elfu thelathini na nane. Unataka zionekane ni za tiketi. Unafanyaje?"

"Nampa Bi Sondes mfuko usiku mmoja. Anatoa vitabu vizima vya tiketi, tunavichoma, hesabu inasomeka vizuri."

"Hukai kukata tiketi moja moja?"

"Nina wazimu?"

"Basi tazama hizi."

Ferid aliinama. Tiketi hazikuwa vitabu. Zilikuwa zimechanwa moja moja, mbili mbili, kingo zimeenda upande. Hakuna mbili zilizochanika sawa. Nyingine zilikuwa zimekunjwa mara nne, moja ilikunjwa hata ikawa kama punje ya lozi. Raudha aliinua moja kwenye mwanga wa dirisha: alama ya dole gumba, ya mafuta. Nyingine ilikuwa na unga kwenye mikunjo. Nyingine Ferid aliinusa akaisukuma mbali.

"Samaki."

"Na zote zilizokunjwa, rangi iko ndani au nje?"

Ferid alichambua chambua. "Ndani. Upande mweupe ndio uko nje."

Raudha alichukua simu, akampigia karani wa benki aliyepokea fedha za kibanda. Karani hakuhitaji kukumbushwa. Fedha zile, alisema, zilikuja sarafu kwa sarafu na noti za dinari tano zilizochakaa hata hazihesabiki kwa mashine, na vidole vyake vilinuka soko kutwa nzima.

"Mwenye fedha chafu haji na sarafu," Raudha alisema alipokata simu. "Watu wamelipa, wamezishika hizi, wamezikunja, kisha wameziacha palepale."

"Nani ananunua kitu akakiacha dukani?"

Raudha alisimama. Alikuwa anavaa koti.

Bi Sondes aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Ni mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikaa wima kama yeye ndiye anayehoji.

"Nilihesabu, nikasaini, nikapeleka benki," alisema. "Ndiyo kazi ya mhazini."

"Hukujiuliza nani ananunua tiketi zetu Bab Diwan?"

"Zetu? Wewe si mtoto wa mji mkongwe, inspekta?"

"Zenu, basi."

"Nilidhani ni watu wetu waliooa kule."

"Wako wangapi?"

Sondes alitazama meza. "Hawafiki ishirini. Na wengine wake zao wamewageuza."

"Kibanda kile nani alikileta?"

"Bwana Slim Maalej, makamu wetu. Mimi nilikataa. Nilimwambia tutalipa kodi ya bure." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Nina ombi moja. Mama yangu anadhani niko semina Tunis. Akipiga simu hapa, msimwambie."

"Hatapigiwa na mtu."

"Na klabu? Inashuka?"

"Kesho adhuhuri tutajua."

Slim Maalej alikuwa anauza vigae kwenye barabara ya Gabès, na alipomwona Raudha akiingia na sajenti nyuma yake, aliwafukuza wateja wawili kwa upole na kugeuza kibao cha mlangoni. Mkono wake haukuwa umetulia. Ferid alimtazama Raudha kwa jicho la kusema: ndiye huyu.

"Kibanda cha Bab Diwan kina jina lako," Raudha alianza.

"Nililipa kodi halali. Risiti ninayo."

"Kwa nini pale? Mellaha nzima iko kusini, wewe unaweka kibanda mlangoni mwa Borj."

"Biashara."

"Biashara ya kumuuzia nani?"

Slim alikohoa. Alipanga vigae vitatu vya sampuli ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Bwana Slim, kuna mwanamke analala mahabusu kwa ajili ya kibanda chako. Au niseme kwa ajili ya fedha zako?"

"Fedha zangu?" Aliinua uso. "Inspekta, mimi sina fedha. Nina vigae. Nenda benki uwaulize, watakucheka wewe kabla hawajanicheka mimi."

"Tumekwenda. Wamecheka." Hilo lilikuwa kweli. "Basi niambie kwa nini unatetemeka."

"Kwa aibu." Akavuta kiti, akakaa. "Kibanda kile nilikiweka kuwachoma roho. Ndiyo hivyo. Kila wakitoka msikitini wakione, waridi tupu, na picha ya heroe juu. Sikutarajia kuuza hata tiketi moja. Nilimwajiri Bi Zohra akae tu pale na utepe wake wa waridi. Wiki ya kwanza akaniletea mfuko wa fedha, nikasema amekosea. Wiki ya pili akaleta mwingine. Nikaanza kuogopa. Nikajiambia kuna mtu anatumia jina langu kwa mambo ya magendo, nikiuliza nitajikuta nimejua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Mimi si jasiri, inspekta. Uliza mke wangu."

Nje, Ferid aliwasha gari. Walipofika mzunguko wa pili ndipo alipofungua mdomo. "Mimi nilikuwa nimeshamfunga pingu kichwani mwangu."

"Lizungushe gari, twende Bab Diwan."

Bi Zohra Ellouze alikuwa ameketi nje ya kibanda kilichotiwa utepe wa polisi, anachambua mbegu za alizeti, kwa sababu kodi ya mwezi ilikuwa imeshalipwa na hakuona haja ya kukaa nyumbani. Mbele yake watu wa mji mkongwe walipita kuingia na kutoka kwenye lango kuu, na Raudha aliona kwamba kila mwanamume aliyepita aligeuza uso kutazama upande wa ukuta.

"Shangazi, salama?"

"Salama, mwanangu. Ukitaka majina, sina."

"Sijauliza bado."

"Nakuokolea muda. Nimeapa kwa macho ya wanangu."

"Umemwapia nani?"

"Kila mmoja," alisema Zohra, kisha akatema ganda la mbegu na kuufunga mdomo kwa nguvu, maana alijua limemtoka.

Raudha alichuchumaa mbele yake. "Kila mmoja kwa wakati wake?"

Zohra alirudi kuchambua mbegu.

"Mama yangu," Raudha alisema, "aliwahi kumrudishia jirani sahani ya halua ya lozi, siku ya Idi, shangazi, kwa sababu ilipakwa rangi ya waridi. Alisema sumu ni bora, sumu angalau haionekani. Kaka yangu alipooa, bibi harusi aliambiwa aache mitandio mitatu ya waridi kwao. Sisi watu wa Borj rangi hii haivuki kizingiti. Sasa, mtu anayelipa dinari ishirini, anapokea tiketi, anaikunja rangi ikae ndani, halafu anakurudishia, huyo si mtu asiyeitaka. Ni mtu asiyeweza kwenda nayo nyumbani."

Zohra alitazama mbegu zake. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Raudha alipotazama vizuri aliona mama wa watu anacheka, machozi yanamtoka, ncha ya mtandio mdomoni.

"Mwanangu, wewe hujui nilivyoteseka," alisema alipopata pumzi. "Mmoja anatoka huku, ananiambia, Zohra, nipe mbili, na usimwambie mtu, katika mji huu mimi ndiye msaliti pekee. Hajafika kwenye lango, mwenziwe anatoka kwa muuza viatu. Zohra, nipe nne. Wallahi ni peke yangu, nitazikwa kwa aibu. Wamepishana hapo wakasalimiana, hujambo, sijambo, kila mmoja na siri yake. Nami nakaa kama gogo."

Ferid alikuwa amevua kofia. "Watu wa Borj? Watununulie sisi tiketi? Afande, mimi hawa nimewajua tangu shule. Hawanipi hata kiberiti."

"Ingia garini, nikuonyeshe hesabu."

Kwenye kiti cha mbele alifungua karatasi za shirikisho alizozipitia tangu asubuhi. Mapato ya Borj hayakuwa siri, yalichapishwa: matangazo ya jezi, fungu la televisheni, mchezaji mmoja aliyeuzwa Uturuki. Lakini Raudha aliweka kidole kwenye mstari wa mapato ya mlangoni. "Laki mbili na elfu tisini kwa mwaka mzima. Ile siku moja ya mechi ya watani, Borj na Mellaha, imeingiza laki moja na elfu ishirini peke yake. Siku nyingine uwanja una nusu ya watu, wanakula mbegu na kupiga miayo. Mellaha ikishushwa, hakuna mechi ya watani."

"Kwa hiyo viongozi wa Borj ndio walionunua, waokoe mapato yao."

"Viongozi wameshtaki, Ferid. Walikasirika wamepitwa. Wanaojua siku ile ina thamani gani ni mashabiki wanaokaa juu ya saruji ya uwanja. Na ndio waliowapitisha ninyi mbele yao, kwa sarafu."

Ferid alifikiri. "Bi Sondes alitamba redioni kwa fedha za Borj."

"Ndivyo."

"Asijue kamwe."

"Itabidi ajue. Ndiyo itakayomtoa."

Tatizo lilikuwa hilo hasa. Kujua si kuthibitisha. Mwendesha mashtaka alitaka majina na miguu, na katika Sfax nzima hakungekuwa na mwanamume wa mji mkongwe ambaye angeweka saini yake chini ya sentensi kwamba alinunua tiketi ya Mellaha. Angekubali kwanza kwamba ameiba kondoo.

Raudha aliichagua ile tiketi yenye dole la mafuta, akaenda kwa Haji Tijani Fourati, muuza mafuta na shabiki mkongwe wa Borj.

Duka la Haji Tijani liko ndani kidogo ya lango, mapipa ya mafuta ya zeituni pande zote, picha za vikosi vya Borj ukutani kuanzia enzi za picha zisizo na rangi. Mwenyewe alikuwa anamjazia mteja chupa. Alipomaliza, akawamiminia wageni mafuta kwenye kibakuli na kuwasogezea mkate.

"Binti wa Triki," alisema. "Baba yako alikaa mstari wa nyuma yangu miaka mingi, akinipigia kelele sikioni. Huyu ni nani?"

"Sajenti Ferid."

Haji aliuona kishikizo cha funguo. "Mkate ale. Mafuta asichovye."

Ferid alichovya. "Nimesikia mafuta yenu mwaka huu yana maji, Haji."

"Kama kipa wenu."

Raudha aliiweka tiketi juu ya kaunta, upande mweupe juu. Haji hakuitazama. Na Raudha aliandika hilo kichwani: mtu asiyekijua kitu hukitazama.

"Ina mafuta," alisema.

"Sfax nzima ina mafuta, binti yangu."

"Dole la mtu mwenye kovu katikati."

Haji alikiweka kidole gumba ndani ya ngumi. "Mimi ninunue tiketi ya wale? Mimi? Niliyewaimbia wimbo wa kuwazika mwaka wa fainali? Wakifa kesho nitagawa sharubati mtaa mzima."

"Wanakufa kesho," Raudha alisema. "Adhuhuri. Mhazini wao anafunguliwa mashtaka ya kutakatisha fedha, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba tiketi hizi zilinunuliwa na watu. Leseni inaondoka. Utaandaa sharubati ya nini, ya ndimu?"

Mzee alichukua kitambaa, akafuta kaunta mahali ambapo palikuwa pasafi. "Mhazini wao ni nani siku hizi?"

"Sondes, binti wa marehemu Abdelaziz Kchaou."

"Abdelaziz." Alifuta tena. "Mwaka waliotufunga matatu, yule alikodi gari la matarumbeta likapita mbele ya duka hili mara nane. Mara nane. Nilipotoka kumpiga akaninunulia kahawa." Akakaa juu ya pipa. "Yuko ndani? Mtoto wa Abdelaziz?"

"Yuko ndani. Kamwambia mama yake yuko semina."

Mteja alichungulia mlangoni, Haji akamfukuza kwa mkono.

"Kumi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilinunua kumi. Mke wangu hajui, wanangu hawajui. Ni mimi peke yangu katika mji huu niliyejidhalilisha hivyo, na wewe ndiye uliyenikamata."

Ferid aliinamia kibakuli cha mafuta asionekane uso.

"Utaandika maelezo, Haji?"

"Niandike, halafu yasomwe?"

"Yatakaa kwenye faili."

"Faili lina masikio." Akainuka kwenye pipa. "Kesho asubuhi. Nikiona mtu mmoja ninayemjua nje ya kituo chenu, nageuka."

Shahidi mmoja hakutosha, Raudha alijua. Alirudi kibandani na kumwambia Bi Zohra kwamba kiapo chake kibaki pale pale, majina asimtajie mtu. Ila kama angeweza kupita kwa wateja wake, kila mmoja pembeni, na kumwambia neno moja tu: mtoto wa Kchaou yuko ndani kwa sababu ya tiketi yako, na ni wa kutolewa na wewe peke yako.

"Peke yako," Zohra alirudia, akajifunga mtandio vizuri. "Hilo watalipenda."

Asubuhi iliyofuata Haji Tijani aliingia kituoni amevaa koti la mvua wakati jua linawaka, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Ferid alimpeleka kwenye ukumbi mwembamba wa ghorofa ya kwanza, wenye benchi kila upande, na kumfungulia mlango.

Benchi zote zilikuwa zimejaa. Alikuwapo muuza viatu. Alikuwapo mwokaji wa biskuti za kaki, unga ungali kwenye mikono. Alikuwapo Nuri wa samaki, aliyekaa mbali kidogo kwa heshima ya pua za wenziwe, na mwalimu mstaafu, na kinyozi, na mwadhini wa msikiti mdogo, na wengine waliosimama ukutani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walikuwa wanaume thelathini na zaidi wanaosoma tangazo moja la kuzuia moto.

Haji alisimama mlangoni. "Nuri," alisema. "Wewe umefuata nini hapa?"

"Pikipiki yangu imeibiwa."

"Umeipaki pale chini, nimeiona."

"Basi imepatikana."

"Na wewe, mwalimu?"

"Kitambulisho."

"Nyote kitambulisho?"

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, hakikugeuka, na mwokaji akakidaka, kikazunguka benchi hata benchi. Haji Tijani alivua kofia, akajipepea nayo. Uso wake ulikuwa mwekundu, na pole pole ukawa uso wa mtu aliyetua gunia.

"Miezi mitatu," alisema, "sikuweza kukutazama machoni, Nuri."

"Mimi nilihama safu msikitini, Haji, ili nisikae karibu nawe."

Raudha aliwaita mmoja mmoja. Fomu ya maelezo ilikuwa na mstari wa sababu, na hapo ndipo palipomchosha. Mwokaji alisema alitaka chenji. Kinyozi alidhani ni bahati nasibu. Mwalimu alitoa hotuba juu ya uchumi wa mchezo wa soka. Raudha aliwarudisha wote kwenye mstari mpaka wakasema kweli, na kweli zao zilifanana, ila ya Haji ndiyo aliyoinakili neno kwa neno: "Nimezoea kuwachukia hawa. Umri huu sina nguvu za kuanza kuwachukia watu nisiowajua."

Kabla ya adhuhuri mwendesha mashtaka alipokea maelezo thelathini na manne, yenye majina, anwani na madole gumba. Aliyasoma yote. Alipofika kwenye ya kinyozi aliondoa miwani. "Watu hawa wana akili timamu?"

"Wana timu," alisema Raudha.

Akasaini hati ya kumwachia mhazini.

Sondes aliletwa juu na begi lake la mkononi. Raudha alimweleza kwa maneno machache, kabla hajaufungua mlango wa ukumbi, zile elfu thelathini na nane zilikuwa za nani. Sondes alishika fremu ya mlango. Alikaa hivyo hata Raudha akafikiri kumletea maji.

"Kwa hiyo hatukuwapita," Sondes alisema mwishowe.

"Kwa mapato, mmewapita. Hesabu ni halali, hakuna wa kuifuta."

"Kwa mapato yao."

Alifungua mlango. Wanaume thelathini na wanne wakageukia tangazo la moto. Wote walikuwa na neno moja la kumwuliza inspekta, na Haji Tijani akawasemea: mlango wa nyuma uko wapi?

"Umefungwa, unatengenezwa," alisema Ferid. "Ni wa mbele tu."

Mlango wa mbele unatazamana na mkahawa, na mkahawa saa ile ulikuwa umejaa, nusu yao wamevaa waridi. Mwadhini akakaa tena kwenye benchi. Mwalimu akasema yeye anaweza kusubiri mpaka magharibi.

Sondes aliwatazama mmoja baada ya mwingine, hata Nuri wa samaki aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Akavaa miwani yake yenye uzi.

"Tokeni na mimi," alisema. "Nyote, nyuma yangu. Mkiulizwa mlifuata nini, semeni mlikuja kunishtaki."

Haji Tijani alimtazama mtoto wa Abdelaziz. Kisha akaipachika kofia yake, safari hii nyuma kichwani, uso wote ukiwa wazi.

Raudha na Ferid walisikia kutoka dirishani. Kelele zilianza kwenye ngazi, Haji akiwa mbele kwa sauti ile ile aliyoitumia mwaka wa fainali: wezi wakubwa nyie, mtarudisha kila senti, mwaka huu tunawafunga manne. Nyuma yake Borj wote wakaitikia kwa furaha kubwa. Mkahawa mzima ukasimama kujibu. Na Sondes Kchaou alishuka ngazi katikati ya matusi yale, mwepesi, akitafuta simu kwenye begi ampigie mama yake kwamba semina imekwisha.